Msiba wa Katuni Mwembesongo

Juzi nilipita Mwembesongo, pale palipokuwa na kibanda cha video enzi za ruksa, mwishoni mwa miaka ya themanini, nikacheka peke yangu kama chizi.

Mwenye kibanda alituletea kaseti ya katuni ambayo watengenezaji wake waliiachia njiani. Mwanzo ulikuwa na rangi na sauti. Bibi kizee wa hadithi alipofariki tu, ikabaki michoro ya penseli, kimya kabisa.

"Mtanisamehe jamani," alisema mwenye kibanda.

Hakuna aliyemsikia, maana tulishaingia msibani. Akina mama wa benchi la mbele waliwatolea kilio waombolezaji waliochorwa bila sauti. Fundi baiskeli akasimama kando ya televisheni, mikono kiunoni, akajitangaza mtani wa marehemu, mwenye ruhusa ya kumtania hata msibani.

"Mchoyo huyu! Sasa nani atatufichia nyama?"

Tulicheka mpaka mabenchi yakalia. Tukawa tunarudi kila jioni, kila mtu na sehemu yake.

Baadaye ikaja kaseti nyingine kutoka Dar. Mashabiki wa ng'ambo walikuwa wameimalizia katuni ileile kwa rangi, vinanda na machozi. Tuliitazama kimya hadi mwisho. Fundi baiskeli hakupata pa kuingilia.

Muuza mboga mmoja wa Mlali akakaza kitenge chake. "Wamemzika bila mtani," alimwambia mwenye kibanda. "Hii bado haijaisha, baba. Turudishie ile nzima."

Ikarudishwa ya penseli.

Watengenezaji wale sijui waliko. Wakipita Morogoro, waambiwe marehemu wao alistiriwa vizuri.