Meneja Alingoja Nimalize na Mungu

Siku yangu ya kwanza kazini waliniita bubu. Usicheke, ngoja kwanza.

Ilikuwa depo ya mahindi hapa Nakuru, karibu na reli, ile walishabomoa. Sisi watu wa kibarua tulikuwa tunapanga laini kwa geti asubuhi, nyapara anapita akichagua: wewe ingia, wewe rudi nyumbani. Leo unapata, kesho unakosa. Siku hiyo mtoto aliamka na homa, nikamwacha na jirani nikatoka mtaa wetu wa Rhonda mbio bila kuomba. Na nilipoolewa, mama mkwe wangu alinifunza kitu moja: neno ya kwanza ya siku ni ya Mungu. Kabla umsalimie bwana, kabla ufukuze kuku, ongea na Mungu. Mpaka uombe, mdomo imefungwa.

Nyapara akasimama mbele yangu. Alikuwa anaongea na pua, hivi: "Nnnn, wewe mama, jina?"

Nikainua kidole. Ngoja. Nikafunga macho nikaomba kwa roho, midomo ikicheza tu, maana siku hizo nilikuwa naogopa watu.

"Nnnn, wamenitumia bubu leo?" Laini yote ikacheka.

Nikafungua macho. "Amina. Naitwa Mama Rael."

Akaruka nyuma. "Kumbe anaongea! Ingia, ingia, kabla uanze kuimba."

Nikaanza na kushona magunia, sindano kubwa kama kidole na kamba ya katani. Halafu wakanipeleka stoo ya Rongai, na hapo ndio nilifunzwa kazi yenyewe. Stoo kipa wa Rongai alikuwa mzee wa kukohoa. "Mama, ehe, ehe, usiangalie rangi ya mahindi. Rangi inadanganya, ehe, kama mchumba." Akanipatia bambo, ile chuma ndefu iko na mfereji. Unadunga gunia, mahindi inateremka mpaka kwa mkono. Dunga chini, dunga katikati, kwa sababu wajanja wanaweka kavu juu. Halafu unauma punje. Ikilia ka! imekauka. Ikibonyea na kunata kwa meno, iko na maji. Ya maji ukiifungia stoo inapata joto, inaota ukungu, na hiyo ukungu ni sumu. Inaua mtu na ugali yake mkononi.

Wakanipeleka Njoro, halafu wakanirudisha Nakuru nikiwa mpimaji mkubwa. Mimi nauma, nasema "kavu" ama "mbichi", stoo kipa anaandika. Sijui kusoma, lakini meno yangu ndio ilikuwa cheti. Cheo kikubwa, na bado kibarua! Bado geti kila asubuhi.

Sasa huyo meneja wa Nakuru. Sauti yake ilikuwa ya kubembeleza, kama mtu anauza godoro. Asubuhi moja kulipoanza kupambazuka, hodi! Yeye mwenyewe, kwa mlango yangu Rhonda, gari yake nje na kofia kichwani. Bwana yangu alikuwa ameshafariki, watoto wanne wanachungulia nyuma ya pazia. Na mimi ndio nimetoka kitandani.

"Mama Rael, mama yetu. Kuna lori inakuja saa mbili, ya rafiki yangu. Mvua imemsumbua kidogo tu. Wewe sema imekauka, basi."

Nikainua kidole.

"Mama Rael, si unanisikia? Unajua watu wa geti ni wengi."

Hapo nilijua ananitisha na kazi. Lakini neno ya kwanza haikuwa yake. Nikafunga macho, na mara hii nikaomba kwa sauti.

"Baba, asante nimeamka. Asante kwa mgeni, ni meneja, unamjua. Anataka niseme mahindi ya maji imekauka. Hiyo unga itakuliwa na nani, wewe ndio unajua. Labda watoto wa shule, labda watoto wake mwenyewe. Akinifukuza, hawa wanne ni wako, wewe utajua watakula nini. Lakini usikubali niseme uongo na haya meno umenipea. Na umbariki yeye na gari yake. Amina."

"Amina!" Ni majirani walikuwa kwa laini ya kuteka maji, wapangaji wa plot mzima, na ndoo zao.

Nafungua macho, meneja ametoa kofia. Akaniambia pole pole, "Mama Rael, si ungeomba chini chini?" Akaenda.

Saa mbili lori ikafika. Nikadunga bambo. Nawaambia ukweli, nilitamani hiyo mahindi ilie. Niliuma gunia baada ya gunia nikitafuta hata punje moja ya kulia. Wapi! Yote inanata. Meneja amesimama kwa mlango wa ofisi, stoo kipa ameshika kalamu.

"Mbichi," nikasema.

Meneja hakuniangalia. "Rudisheni ikaanikwe."

Kesho yake kwa geti nyapara akanipita. "Nnnn, Mama Bubu, leo hapana." Siku ingine, leo hapana. Nikaenda kufua nguo za watu mtaa wa Free Area. Wiki ya pili nilikuwa naongea na Mungu vile landlodi wa kudai kodi alikuwa anaongea na mimi. Lakini nilianza na Mungu kila asubuhi, hata nikiwa nimekasirika. Na watoto walikula. Mboga ya sukuma, sukuma, sukuma, lakini walikula.

Wiki ya tatu nyapara akaja mpaka kwangu. "Nnnn, meneja anasema urudi. Huyo aliweka pahali yako anauma kila kitu anasema iko sawa."

Nikarudi. Baadaye wakaleta mashine ya kupima maji ya mahindi, na tukipima pamoja ilikuwa inakubaliana na mimi. Niliacha kazi magego ilipoisha. Sasa nimebaki na meno nne, na hazisikizani.

Nyinyi vijana mnaamka mnasalimia simu. Mnaniuliza mimi nyanya yenu, Kukhu, ukiweka Mungu kwanza, kazi inakaa? Haikai. Mimi nilibaki kibarua mpaka siku ya mwisho. Lakini hakuna asubuhi nilienda kwa hiyo geti peke yangu.

Juzi kukipambazuka simu yangu ililia. Nikaiacha ilie. Nikaomba, nikamaliza, nikapiga. Ni yule meneja! Amezeeka, ile sauti ya godoro imebaki shuka.

"Mama Rael, nilijua utakawia. Niko hospitali, wananipasua leo. Nilitaka uniombee. Lakini vile umekawia, nikaanza mwenyewe."

"Uliomba kwa roho ama kwa sauti?"

"Kwa sauti, mama. Wodi mzima ikasema Amina."