Kilima Alichokikata Baba

Nilikuwa dukani Mwandiga nikichambua maharage Nehemia aliponipigia simu. "Dada, Mzee ametutoka," alisema. Nikaweka ungo chini. Kabla sijaanza kulia akaongeza, "Gari la kumpeleka nyumbani nimeshapata." Hapo aibu ikatangulia machozi, kwa sababu baba yetu, Feliksi, alituomba jambo moja tu: tusimpandishe kwa gari kile kilima alichokikata mwenyewe.

Baba alikuwa dereva wa katapila. Maisha yake yote alichonga barabara za msituni, na harufu ya dizeli haikumtoka hata Jumapili akiwa kanisani na suti. Barabara ya mwisho ilikuwa ya kijijini kwetu, ng'ambo ya vilima vya Simbo. Wanawake waendao kuni walikuwa na njia yao, inayozunguka kilima taratibu. Mama mdogo Goreth, shemeji yake na mtani wake mkubwa, alimwambia barabara ipite humo. Lakini msimamizi wa ujenzi alitaka kazi iishe kabla ya mvua. Baba akacheka juu ya kiti chake.

"Shemeji, kuzunguka ni kwa wenye miguu. Katapila halichoki!"

Akakata moja kwa moja hadi kileleni. Miti iliyoanguka ilisukumwa pembeni ikachomwa, na moshi ukalala bondeni hadi nguo zilizoanikwa kambani zikanuka.

Malori ya mbao yakaanza kupanda kwa gia ya kwanza, yakinguruma na kumwaga moshi mweusi. Madereva wakakipa kilima jina: Kwa Feliksi. Hawakukiita hivyo kwa heshima.

Mwaka jana bwana misitu alikuja kutueleza habari za hewa ya ukaa. Alisema barabara hula dizeli inapochongwa, lakini ikichongwa vibaya huendelea kula kila gari linapopita. "Kwa mfano, hiyo yenu ya Kwa Feliksi," akasema. "Aliyeikata hakuwaza wanaokuja nyuma."

Hakujua kwamba Feliksi mwenyewe amekaa benchi la mbele. Watu wakatazama chini. Baba akasimama, akavua kofia, akasema, "Ni mimi," kisha akaketi.

Tangu siku hiyo, kila alipokwenda kijijini alishuka garini chini ya kilima, akazunguka kwa miguu. Alipolazwa mjini alituambia, "Siku yangu ikifika, nipitisheni njia ya kuni. Sitaki kwenda mbele za Mungu huku nyuma yangu kunafuka moshi." Kijiji kizima kilijua ombi hilo.

"Ni mbali kubeba, dada," Nehemia alinibishia asubuhi ya mazishi. "Na gari lipo."

Nikamwachia, jeneza likapakiwa garini. Katikati ya kilima gari likakataa. Liliunguruma, likarudi nyuma, jeneza likateleza na kugonga mlango. Moshi ukawafunika waliokuwa wakifuata kwa miguu. Mama mdogo Goreth akatokea humo, kanga imeziba pua.

"Shemeji Feliksi!" akapaza sauti. "Si uliniambia halichoki? Umetuvutisha dizeli ukiwa hai, na leo tena unataka tukohoe badala ya kulia?"

Watu wakacheka, kwani mtani ana ruhusa msibani. Mimi nilitamani ardhi inifiche. Kisha akamgeukia Nehemia, sauti imeshuka. "Zima gari, mwanangu. Baba yako aliomba nini?"

Nehemia hakuweza kututazama. "Njia ya kuni."

"Haya, mshusheni."

Wanaume wakalirudisha jeneza hadi chini kwa mabega, wakaishika njia ya kuni, wakipokezana. Mama mdogo alitangulia, akisukuma matawi. Hapakuwa na kelele isipokuwa wimbo wa wanakwaya na pumzi za wabebaji. Njiani nilimwomba Mungu, aliyeiotesha ile miti, amsamehe baba, na atusamehe sisi tuliotaka kumdharau hata siku hii.

Tulichelewa, lakini katekista alikuwa anatungoja kaburini. Akasali. Jeneza likateremshwa kwa kamba. Mama alitupa udongo, kisha Nehemia, kisha mimi. Kaburi lilipokwisha kufukiwa tukasimika msalaba, tukasema Baba Yetu. Kisha tukarudi wote kwa njia ileile, kwa miguu.