Kabichi Iliyooshwa Kama Matumbo ya Mbuzi

Mimba ya kwanza ya mke wangu ilikuwa na hasira kuliko nyati. Ugali ukisongwa hata kwa jirani, yeye huku anatapika. Wali, anatapika. Uji, anatapika. Alikonda mpaka akisimama kwa ubavu simwoni, naona ukuta tu. Alikuwa analamba ndimu, basi, kama ndama anavyolamba magadi. Nesi wa zahanati yetu hapa Nyambureti akaniambia, "Wiki ijayo nikimkuta hivi, namwandikia kulazwa hospitali. Mtafutie chochote kitakachokaa tumboni."

Mimi nilikuwa naosha vyombo kambi ya watalii kule Natta. Siku moja bibi mmoja wa Kikorea, mgeni, alichoka chipsi za pale, akaingia jikoni mwenyewe na kopo lake la kabichi iliyochachishwa na pilipili. Kimchi, wanaita. Akaipika na nyama ya nguruwe, mchuzi mwekundu, akanionjesha kijiko kimoja. Jamani! Masikio yalizibuka nikasikia simba wanavyosengenyana Serengeti nzima. Mate yalitoka kama bomba limepasuka. Akanionyesha kwa mikono inavyotengenezwa, nikaweka yote kichwani maana mimi na kalamu hatujuani.

Sasa mke analilia uchachu, na mimi uchachu naujua! Nikaruka juu. Nikakata kabichi, nikaipiga chumvi, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili ya unga, na dagaa nilizotwanga. Nikashindilia kwenye ndoo, nikafunika, nikaweka pembeni karibu na kibuyu cha mama cha maziwa.

Mama akanikuta nimeloa pilipili mpaka kwenye viwiko. "Mura, kijana wangu, umerogwa? Mwanaume wa Kikurya anamenya kitunguu saumu?"

"Mama, kambini kila siku niko jikoni."

"Kambini ni kwa wageni. Hili jiko ni langu!"

Siku ya tano ndoo ilikuwa inachemka bila moto. Harufu yake ilitoka nje ikasalimia watu barabarani. Nikakimbia kununua nyama ya nguruwe, miguu haigusi chini, pikipiki mbili nimeziacha nyuma.

Narudi, nakuta mama anajifuta mikono, ametulia, anajisikia vizuri.

"Nimekuokolea kabichi yako," anasema. "Ilikuwa imeoza mpaka inatoa povu. Nimeikamua, nikaiosha maji matatu kama matumbo ya mbuzi. Sasa ni safi."

Nikaionja. Ilikuwa safi kweli, kama kutafuna kitambaa. Na ile wiki ya nesi ndiyo inaisha.

"Mama, maziwa yako ya kwenye kibuyu yana siku ngapi?"

"Tisa. Hayo yameiva."

"Na hii ilikuwa imeiva!"

Akafungua kibuyu chake, akanusa, kisha akanusa na vidole vyake.

"Yale maji uliyokamua umemwaga?"

"Yako kwenye beseni, mlangoni. Nilitaka nikamwage mbali, yasije yakaua kuku."

Nikatoka mbio. Mlangoni nikamkuta mke wangu, ambaye siku tatu hajatoka kitandani, amekaa kwenye kizingiti, beseni mdomoni, kidevu chote chekundu. Anakunywa kama ngamia! Akashusha beseni, akacheua, akanitazama.

"Nani ametengeneza hii?"

"Mimi."

"Sasa umesimama nini hapo? Pika ugali!"

Nilisonga ugali, nikakaanga ile nyama mpaka mafuta yakalia, nikatupia kabichi, kisha nikaomba yale maji. Alikataa kuachia beseni. Tulivutana kama watu wa Mahakama ya Ardhi, nikapata nusu. Nusu hiyo ilitosha: sufuria ikawa nyekundu, harufu ikapanda, mama akapiga chafya saba mfululizo.

Mke wangu akala. Tonge la kwanza tulimkodolea macho wote wawili, mimi nimeshika ndoo tayari. Likakaa. La pili likakaa. La tano akamwambia mama, "Mama, usinitazame hivyo, nitakuonea haya," huku mkono umeshafika kwenye la sita. Wiki iliyofuata nesi alimpima, akapanda mwenyewe kuangalia kama mzani umeharibika.

Lakini jioni ile ile, sufuria imekombwa mpaka inang'aa, mama alinivuta pembeni.

"Mura, kesho chachisha nyingine. Ndoo mbili." Akachungulia nje kulia na kushoto. "Ila ukimenya vitunguu, funga mlango."