Chura Aliyekunywa Kabla ya Baba Mkwe

Watu wa Kigoma wakiniuliza nilikwenda kufanya nini Durban, huwaonyesha ghorofa langu na kuwaacha watazame madirisha wenyewe. Nilikwenda na begi moja na stashahada ya ununuzi na ugavi. Nilianza kwa kulinda magari ya wateja nje ya mikahawa ya Morningside, na nilipoondoka nilikuwa msimamizi wa ghala zima la vyombo vya udongo na kaure kule Clairwood. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba mtu aliyekabidhiwa chura wa tajiri hakuwa mtu wa hivi hivi.

Tajiri wangu alikuwa Mchina mwembamba mwenye sauti ndogo. Ofisini kwake kulikuwa na sinia pana la mbao lenye mianya ya kupitishia maji, na juu yake walikaa sanamu wadogo watatu wa udongo: chura wa miguu mitatu aliyeuma sarafu, nguruwe aliyelala, na mtoto wa kiume mwenye kitambi, uchi kabisa, aliyesimama tayari kukojoa. Chai ya Wachina ina utaratibu. Maji ya kwanza ni ya kuosha majani tu, hayanywewi. Mchina huwamwagia wale wadogo. Udongo wao haukupakwa kitu, kwa hiyo huinywa ile chai, na kadiri miaka inavyokwenda hukolea rangi na kung'aa wenyewe kama kiatu cha askari. Sabuni ni mwiko. Wenzangu ghalani walicheka wakasema Mchina analisha sanamu. Mimi nilijifunza. Haikuchukua muda nikawa namimina kwa mkono uliotulia kuliko wake, na yeye mwenyewe alikiri, au angalau alitikisa kichwa kwa namna ya kukiri.

Mwaka mmoja baada ya Kombe la Dunia lililochezwa hukohuko, tajiri alikwenda kwao kwa sikukuu ya mwaka mpya wao. Mafundi wa paa wangekuwa wakiingia na kutoka ofisini, na udongo ule ukianguka haugangwi. Katika wafanyakazi wote alinichagua mimi. Akanikabidhi sinia zima na kuniambia, kwa Kiingereza chake kifupi, kwamba wasipitishe siku bila kunywa. Nikawapeleka kwenye flati yangu mjini, na kila asubuhi kabla sijapiga mswaki walikuwa wameshapata chai yao.

Siku hizohizo nilikuwa nimeposa. Mchumba wangu alikuwa msusi, binti wa Kikongo kutoka Uvira, na baba yake alikuwa kinyozi na mzee wa kanisa. Mzee hakutaka kujibu posa kwa maneno ya watu. Alisema atakuja kuona ninavyoishi, pamoja na dada yake anayeuza vitenge soko la Warwick, na jibu atalitoa akiwa amekaa kwenye kiti changu. Nilijua pia kwamba kuna mwingine anayesubiri nikataliwe, fundi simu wa kanisani kwao, mpiga gitaa. Hakuwa na stashahada yoyote, lakini wazee walimpenda.

Mchumba alinipigia asubuhi ya ziara. Alinisihi niwafunike wale wadogo kwa kitambaa na kuwasukuma chini ya kitanda, kwa sababu shangazi yake aliona mapepo hata kwenye kalenda. Nilimjibu kwamba mtu msomi haweki amana ya watu chini ya kitanda. Isitoshe, nilikusudia kumtengenezea baba yake chai ambayo hakuna Mkongo wa Durban aliyewahi kuandaliwa.

Niliwapokea kwenye taa za barabarani za kona, robot kama wanavyoziita Durban, nikawapandisha juu. Mzee alikuwa amevaa suruali ya kijivu iliyopigwa pasi ikakata. Tantine, ndivyo kila mtu alivyomwita shangazi, alikagua mapazia, akafungua friji, akapitisha kidole juu ya televisheni. Hakupata vumbi. Akakaa, na nilimwona anaanza kulainika.

Nikaleta sinia. Nikasimama, maana kuna mambo hayaelezwi ukiwa umeketi, nikaanza kuwasimulia historia ya ghala na nafasi yangu ndani yake. Huku nikizungumza nikatia maji moto kwenye majani, na huku nikiendelea kuzungumza nikammiminia chura. Ile sehemu ya kwamba maji ya kwanza hayanywewi ilikuwa mbele kidogo katika hotuba yangu. Sikuifikia.

"Ngoja," alisema Tantine. "Baba mukwe iko hapa na kikombe yake mutupu, na wewe unaanza kunywesha chura?"

Nikaeleza kuwa ni utaratibu wa Wachina. Akauliza kama huwa nafanya hivyo kila siku. Nikamjibu, kwa fahari ambayo siku nyingine ingenisaidia, kwamba sijawahi kukosa. Akauliza kama huwa nafanya kabla ya sala au baada. Nikamjibu kwamba ni kabla ya mswaki.

Tantine akafungua pochi, akatoa chupa ya mafuta ya upako, akaiweka mezani kama anayeweka bastola. Uamuzi wake ulikuwa mfupi: chura, nguruwe na mtoto watupwe dirishani sasa hivi, au wao waondoke na binti abaki kwao. Nikamwambia kwa heshima kwamba vitu hivyo si vyangu, na amana haitupwi hata kwa ajili ya mke. Akacheka kwa pua. Akasema fundi simu hana chura. Akainuka, akajifunga kitenge upya, na kumwambia kaka yake waende.

Mzee alisogea ukingoni mwa kiti. Alishika magoti yake kama mtu anayejiandaa kuinuka.

Mimi nilibaki nimeshika birika. Hata leo siwezi kusema niliamua; mkono ulifanya kazi yake ya kila asubuhi, ukapita kwa nguruwe, ukafika kwa mtoto. Sasa, yule mtoto ni mtupu ndani, na huwa analowekwa kwanza kwenye maji baridi hadi ashibe. Ukimmwagia maji ya moto kichwani, alichonacho tumboni hukitoa kwa mbele. Nami nilikuwa nimemloweka vizuri.

Akakojoa. Mkojo ulipanda, ukapinda juu ya meza na kutua kwenye goti la suruali ya kijivu ya baba mkwe.

Tantine akakemea kwa jina la Yesu. Mzee akatazama goti lake, kisha akamtazama mtoto. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia.

"Kwetu mutoto akikukojolea, haukasirike," alisema. "Unapanguza, unabaki. Ni baraka ya ile nyumba."

"Yaya, ule ni udongo," dada yake akamwambia, kwa neno lao la kumwita kaka mkubwa.

"Na Adamu alikuwa nini?"

Tantine aliitazama chupa yake ya mafuta. Mzee wa kanisa alikuwa amemtolea kitabu cha Mwanzo, na mafuta ya upako hayashindani na Mwanzo. Mzee akapangusa goti kwa leso, akaegemea kiti, na kunitangazia kwamba binti ni wangu, na kwamba wajukuu atakaowapata humu angetaka wawe wanafika mbali kama huyu.

Tantine akakaa tena, taratibu, akirudisha mafuta kwenye pochi. Hakuwa mtu wa kushindwa bila masharti.

"Sawa," akasema. "Lakini mbele yangu, baba kwanza, chura nyuma."

Nikatia majani mapya na maji mapya. Nilianza kusema kwamba maji ya kwanza ni ya kuoshea tu, nikamwona Tantine anashika tena zipu ya pochi. Nikamimina yaleyale ya kwanza kwenye kikombe cha baba mkwe. Akayanywa yote, akafikiri, akasema chai ya Wachina ni nyepesi lakini ni nzuri, na akasogeza kikombe aongezewe.