Daftari Lililoshonwa

Niseme ukweli: Kiebrania cha Eugène kilinichosha mimi kabla hakijamchosha yeye. Alikuwa mwalimu wa kanisa la Kiprotestanti hapa Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Mimi Nasoro ni Mwislamu, fundi cherehani, na nyumba zetu zilishiriki ukuta mmoja. Kanisa lilimwambia hatawekewa mikono kuwa mchungaji mpaka afaulu mtihani wa Kiebrania. Sijui ni nani aliyeona vita peke yake havitoshi.

Kitabu alichopata kilikuwa cha wasafiri, kimeandikwa kwa Kifaransa. Yeye alitaka maneno ya Musa, chenyewe kikamfundisha kuagiza kahawa na kuuliza choo. Lakini kila neno lilikuwa na mzizi wake wa herufi tatu, naye akayanakili yote kwenye daftari, mzizi mmoja ukurasa mmoja. Akikwama, anagonga ukuta. Anasema dam, namjibu damu. Anasema kever, namjibu kaburi. Nilisoma Kiarabu utotoni kwenye chuo cha Kurani, na lugha hizo ni ndugu. Siku moja akaniambia lehem ni mkate.

"Kwetu lahmu njo nyama," nilimjibu. "Inaonekana siye tulikula muzuri kuwapita."

Alininunia siku mbili.

Daftari la kwanza liliungua pamoja na nyumba yake vitani mwaka 1996, ukabaki ukuta wetu. Akaanza upya. Mwaka 1998, tulipokimbilia rasi ya Ubwari kwa mtumbwi, kitabu chenyewe kikaanguka ziwani, likabaki daftari la pili tu. Tangu hapo alilibeba chini ya shati.

Mwaka uliofuata wapiganaji wa msituni walitusimamisha njia ya Fizi, wakamvua shati. Mkubwa wao akaligeuza daftari juu chini.

"Hii maandiko iko ya nani? We iko mupelelezi?"

Angesema ni masomo, yangekwisha. Lakini mwoga akiwa na kiburi hana breki. "Hapana, shefu. Iko Kiebrania. Njo luga Mungu alisema na Musa."

Ningekuwa karibu ningemfinya. Vijana wale walivaa dawa shingoni ili risasi zisiwapate, na sasa mtu wa kanisa alikuwa amewaletea maneno ya Mungu mwenyewe. Mkubwa akaanza kuchana kurasa. Akaona sindano na nguo kwenye mfuko wangu.

"We fundi, shona."

Nikawashonea hirizi, ukurasa mmoja ndani ya kila kipakiti cha kitambaa, mpaka vidole vikatoka damu. Eugène alikaa chini akitaja kila mzizi unapokunjwa, na mtihani wake ukaisha hivyo mbele ya macho yake. Nilimchukia kwa mdomo wake, nikajichukia kwa sindano yangu. Mmoja wa vijana hao alikuwa Dany, mtoto wa jirani yetu Constance anayeuza samaki. Aliinama nimfunge, akasema, "Aksanti, papa."

Baada ya miezi minne Constance alikuja kwangu na kipakiti cha Dany mkononi. Kitambaa kilikuwa kimekakamaa kwa damu. Eugène alikuwepo.

"Papa Nasoro, fungua. Banasema iko neno ya Mungu ndani. Nataka kujua ilimuambia nini mutoto yangu."

Nikafumua. Mkono wa Eugène ulikuwa tayari umenyooka, maana huo ulikuwa ukurasa wa kwanza kurudi. Akausoma.

"Mwalimu, iko nini?"

"Hai," akasema.

Sikuhitaji mkalimani. Hai ni hai, kwao na kwetu.

"Sasa juu ya nini alikufa?"

Eugène akaushusha ukurasa. "Mama, mi njo nilisema iko luga ya Mungu. Sikusema dawa, lakini niliwaacha baamini. Nilikuwa na woga. Unisamehe."

Constance alinyoosha kiganja tu. Eugène akaukunja ukurasa kwa mikunjo ile ile, akanipa mimi.

"Shona, Nasoro."

Hakuomba hata kuunakili. Nilishona, Constance akauvaa shingoni mwake akaenda sokoni kwenye samaki wake. Ukuta wangu haujagongwa tena tangu siku hiyo, nami nimechoka kuusikiliza.