Tableti ya Marehemu Sefu

Usiku ule nililala kibandani kwetu Makambako, kichwa mezani, kando ya tableti ya marehemu Sefu. Ilikuwa haiwaki. Ndani yake mlikuwa na sauti yake akimsimulia binti yake hadithi, na mkewe, shemeji Tatu, hakuwa na nakala nyingine.

Mimi shule niliiacha darasa la sita. Haya mambo ya kutengeneza vifaa alinifundisha Sefu, nilipopita hapa nikielekea Tunduma nikakwama. Nilikuwa nimeandaa upya Linux, mfumo wa kuiendesha tableti, pamoja na lile faili linaloieleza mashine: skrini ipi, chip ya kumbukumbu ipi, ukubwa wake, kila fungu linaanzia wapi. Faili nililitoa kwenye kompyuta ya Sefu mwenyewe. Likiwa na kosa, mfumo ungeandika juu ya ile sauti, na isingerudi tena. Kompyuta ikaniuliza: niendelee? Nikasema nipumzishe macho kwanza.

Nikamwona Sefu amekaa mbele yangu, kavaa sweta lake la kijani lililotoboka kiwiko. Ananimiminia chai ya tangawizi. Bibi yangu alinikanya tangu utotoni: marehemu akikupa chakula ndotoni, usipokee. Nikakisukuma kikombe.

"Mzururaji siku hizi unachagua vikombe," akasema.

Sikucheka. Vidole vyake havikuwa na zile alama za kuungua alizozipata kwa kulehemu. Nikamwuliza amefuata nini. Ananyoosha kidole kwenye mstari wa ukubwa wa kumbukumbu katika lile faili, anatikisa kichwa. Mara tuko chumbani kwa shemeji Tatu, mtoto amelala, na sauti ya Sefu inatoka kwenye tableti iliyozimika, inakatika, inabaki mvumo mtupu.

Nikahisi ananitega. Alipokuwa hai alipenda kunipa jibu la uongo anione nikihangaika. Na pengine huyu hata si Sefu, ni kitu kimevaa sweta lake. Nikamtaka aniambie jambo nisilolijua.

Anainamisha macho kama mtu aliyefumwa. "Chip niliibadilisha. Faili hilo ni la ile ya zamani. Nilisema nitalirekebisha kesho."

Hapo alifanana na Sefu. Kila kitu chake kilikuwa kesho. Hata hivyo nikamwuliza ukubwa wa chip mpya, huku nikijiambia kwamba akiutaja tu, hiyo ni kama ile chai, sipokei.

Anakichukua kikombe nilichokikataa, anakunywa mwenyewe taratibu.

"Usiniamini mimi, wala faili. Fungua usome."

Nikaamka, shavu limeganda mezani. Swali lilikuwa bado kwenye skrini. Nikajibu hapana. Sikumwamini bado, lakini nilichukua bisibisi, nikaifungua tableti. Miguu ya chip ilikuwa imechomelewa kwa mkono, si kiwandani, na namba iliyoandikwa mgongoni mwake haikuwa ile ya kwenye faili.