Aliyeshinda mnada wa cherehani yangu

Jamani, huyu aliyeshinda mnada wa cherehani yangu ananitia wasiwasi.

Wiki nzima kundi la mnada mtandaoni lilikuwa usumbufu tu. Mtu anapandisha dau, ukimtafuta kazima simu. Mwingine anauliza bei ya mwisho, wakati ni mnada.

Leo kapatikana mmoja, dau kubwa, habishani. Nikafurahi.

Akaomba picha zaidi. Nikapiga pale pale sebuleni. Si mnajua, huku Mchombe tukishavuna, sebule ndiyo ghala.

Akajibu: "Nzuri, dada. Hayo magunia nyuma ni mpunga wa mwaka huu?"

Nikasema ndiyo.

"Shemeji yupo, anisaidie kubeba?"

Nikamwambia kaenda msibani Mlimba, leo harudi. (Mdomo wangu huu.)

Nikamwelekeza mpaka nyumbani. Hapo ndipo akauliza, kwa upole kabisa, kama fuso inafika hadi mlangoni.

Cherehani yenyewe ni ya mkono. Bodaboda inaibeba.

Nimemwandikia kwamba siuzi tena. Kasoma, hajajibu hilo. Kaandika tu kwamba ameshapita kijiji cha Mbingu, anakuja.

Majirani mnaosoma hapa, naombeni mje. Sasa hivi.